Ramani za shule zilizochorwa na wanafunzi wangu

Daftari la mahudhurio huonyesha kwamba mtoto yupo shuleni, lakini halionyeshi anapita wapi, anakaa na nani, wala ni mahali gani anapaepuka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma, na elimumsingi bila malipo, iliyoanza Januari 2016, iliwaleta wengi darasani. Yaliyobaki niliyatafuta katika mada ya ramani, kwenye somo la maarifa ya jamii ninalofundisha katika shule ya msingi mkoani Morogoro.

Msingi wa kazi yangu ulikuwa wazo la mwanafalsafa Mfaransa Henri Lefebvre, aliyeeleza mwaka 1974 kwamba nafasi huzalishwa na jamii: kuna nafasi kama ilivyopangwa na wataalamu, kuna inavyotumika kila siku, na kuna inavyohisiwa na wanaoishi ndani yake. Mchoro wa majengo ya shule tulikuwa nao. Nilichohitaji ni shule kama watoto wanavyoijua, kwa hiyo nilimwomba kila mmoja aichore bila kuandika jina, akipaka kijani anapopapenda na nyekundu anapopakwepa.

Katika ramani nyingi za wavulana, uwanja wa mpira ulijaza nusu ya karatasi. Wasichana wengi waliuchora pembeni kabisa, kama mali ya watu wengine. Mahali pa mstari wa asubuhi, penye jua kali, palipakwa nyekundu, na nilielewa haraka maana yake kwa wanafunzi wetu wenye ualbino, ambao ngozi na macho yao huumizwa na mwanga huo. Mstari ulihamia chini ya miembe juma lililofuata, na uwanja ukapangiwa zamu.

Jambo la maktaba lilikuwa gumu zaidi. Ramani moja haikuwa na maktaba hata kidogo, nami nilijua ni mwanafunzi gani hajawahi kuingia humo, kwa kuwa mlangoni pana kizingiti cha sentimita 30 na yeye anatumia kitimwendo. Baadhi ya walimu wenzangu, kwa nia njema, walipendekeza apelekewe vitabu darasani. Nilipinga kwa moyo wote, kwa sababu angepata vitabu na kukosa mahali ambapo wenzake hukaa, hubishana na kuulizana maswali. Huko kungekuwa kumtenga kwa upole. Kamati ya shule ilikubali kununua saruji, wazazi wakaleta mchanga na kokoto, na fundi akajenga njia ya mteremko yenye urefu wa mita 3.6, kwa uwiano wa moja kwa kumi na mbili, yaani sentimita moja ya kimo kwa kila sentimita kumi na mbili za urefu, ili mtoto apande kwa mikono yake mwenyewe.

Kuhusu vyoo, mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na mjadala wetu ulikuwa umeishia kwenye hesabu hiyo. Ramani za wasichana zilionyesha nyekundu kwenye kijia cha nyuma ya madarasa, chenye vichaka, ambako hakuna mtu mzima anayewaona. Tulifyeka vichaka, kisha tukaihamishia njia mbele ya madarasa. Milango ya vyoo bado ni myembamba kwa kitimwendo, na upanuzi wake tayari umeingizwa katika mpango wa shule wa mwaka huu.