Fundi nguo anayepunguza kiuno chake: siku moja, Kimara hadi Kariakoo

Saa 10:40 alfajiri

Simu inalia, mume wangu anageukia ukutani na shuka lote anaondoka nalo. Ndiyo salamu yangu ya asubuhi.

Nina miaka 48, nashona nguo za kike Kariakoo, Dar es Salaam, na tangu Januari nimekuwa mtu wa alfajiri. Uani kuna madumu mawili ya lita tano niliyoyajaza maji jana jioni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kila mkono una kilo tano zake, na jimu yangu imekamilika. Nayainua hadi mabegani, nayapandisha juu ya kichwa, nashusha taratibu. Kisha kigoda: nakaa, nasimama bila kushika kitu, mara kumi, napumzika, mara kumi tena. Januari nilikuwa naishia mara nne, ya tano najisukuma na mikono magotini huku nikiguna kama bibi anayenyanyuka mkekani.

Haya madumu sikuyataka. Nilijua kupungua ni kutembea ukatoka jasho, basi. Binti yangu anasomea uuguzi, ndiye aliyenikalia kooni. Misuli huanza kupungua kidogo kidogo tangu miaka ya thelathini, na mwanamke akikaribia kukoma hedhi mafuta yanahamia tumboni. Ukijinyima chakula tu bila kuifanyisha misuli kazi, unapoteza misuli pamoja na mafuta. "Mama, utakuwa mwembamba wa kuanguka bafuni," akasema. Mtoto uliyemlipia ada akikuambia hivyo, unabeba madumu.

Saa 11:15

Jirani yangu anagonga geti kwa jiwe. Wanaoijua Kimara wanajua hakuna njia ya tambarare huku: unashuka bondeni, unapanda, unashuka tena, na njiani kuna mbwa mmoja tunamsalimia kwa heshima zote. Tunakwenda dakika 35, siku tano kwa wiki. Hiyo ni dakika 175, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtu mzima apate angalau 150 za mwendo wa kumpandisha pumzi.

Saa ya kupima mapigo ya moyo hatuna. Tuna taarabu. Mwenzangu anapenda kuimba, na kipimo chetu ni hiki: tukiweza kuongea, mwendo ni mzuri, akiweza kuimba, tunatembea kivivu, tuongeze. Kwenye mlima wa mwisho hata umbea unakatika, tunamalizia kesho yake.

Tulianza wote wiki moja, kila mtu na sababu zake. Yangu ilikuwa kizunguzungu. Nilikwenda zahanati nikidhani ni malaria, wakanipima kila kitu: presha 148 kwa 92, sukari kabla ya kula 6.4, kilo 86, urefu sentimita 160. Kisukari huanzia 7.0. Muuguzi akaniambia niko mpakani, na kwamba mpaka huu watu huuvuka pande zote mbili. Akanitajia utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002: watu wenye sukari ya mpakani waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, waliopata kisukari miongoni mwao walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani na ushauri wa kawaida tu. Nikapiga hesabu hapohapo nyuma ya risiti. Asilimia 7 ya 86 ni kilo sita. Kilo sita! Mimi nilidhani nitaambiwa thelathini.

Saa 12:40

Mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu, chai ya tangawizi bila sukari. Chai bila sukari nililia nayo, sitanii. Nilikuwa naweka vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku. Kijiko kimoja ni kama gramu nne, zidisha mwenyewe: gramu 48, wakati ukomo wa sukari ya kuongeza kwa siku nzima ni kama 50, na wanasema ukibaki kwenye 25 ndiyo bora zaidi. Chai peke yake ilikuwa imemaliza bajeti, andazi bado halijahesabiwa.

Nilipunguza nusu kijiko kila wiki. Ukiacha ghafla utarudi kwenye bakuli la sukari usiku kama mwizi.

Saa 1:50

Napanda basi la Mwendokasi la Gerezani, ila nashuka kituo cha Fire na kumalizia kwa miguu. Kariakoo ni mahali pa kutembea tangu jadi. Jina lenyewe limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wale walibebeshwa mizigo kwa amri. Mimi nina pochi na vitenge vya mteja, napishana na mikokoteni, sina haki ya kulalamika.

Saa 2:30

Nafungua. Binti ninayemfundisha kazi anafagia, mimi naipaka mashine mafuta. Zamani nilikuwa na cherehani ya kukanyaga, miguu inacheza kutwa. Mwaka 2019 nikaifunga mota. Sasa nagusa tu kwa ncha ya kidole gumba cha mguu, nguo zinatoka mara mbili, na mimi nakaa. Siwezi kusema mota ndiyo iliyoninenepesha, chapati zilikuwa na mchango wake mkubwa, lakini picha zangu za 2018 na za 2021 ni za watu wawili tofauti. Nilichofanya ni kuiweka meza ya kukatia kwenye pembe ya mbali, na kuinyanyulia miguu kwa matofali. Kukata nakata nimesimama. Mkasi nimeutundika upande mmoja, uzi upande mwingine. Binti anaona nimechanganyikiwa.

Saa 4:15

Huyu mteja lazima niwasimulie.

Amekuja na wanawe wawili, harusi ya mdogo wake ni mwezi ujao, sare ni kitenge cha bluu. Nampima. Kifua 42. Kiuno 39. Hipsi 47. Futi ingali imemzunguka kiunoni, ananishika mkono.

"Andika thelathini na sita."

"Dada, futi inasema thelathini na tisa."

"Nitapungua. Si nina wiki nne?"

Wiki nne, inchi tatu. Mimi nimetoka 41 hadi 37, inchi nne, na imenichukua miezi tisa ya madumu na kuamka na majogoo. Lakini sibishani na wateja tena. Naandika 36 kwa kalamu, anaona, anafurahi. Akigeuka kuchagua zipu naandika 39 pembeni kwa penseli. Nikikata naacha inchi nzima ya akiba ubavuni, kila kipande. Siku ya kuchukua nguo atavuta pumzi, zipu itagoma katikati ya mgongo, atanitazama kwenye kioo. Nitasema, "Ngoja dada, hapa mimi ndiye niliyebana." Dakika kumi tu, anaondoka anapendeza.

Daftari zangu za vipimo ninazo za miaka mingi. Kuna wanawake nimewashonea tangu sendofu zao hadi za mabinti zao, na ukifungua kurasa kwa mpangilio unaona kiuno kinavyopanda: 28, 30, 33, 36. Hakuna aliyeamka siku moja akajikuta bonge. Ni inchi moja kwa kila hafla. Nami nilikuwa nawaachia tu mishono, najiachia na yangu.

Ukitaka kujipima nyumbani, mizani siyo lazima. Chukua futi, pima urefu wako, gawa kwa mbili. Kiuno kisizidi hapo. Mimi nusu yangu ni inchi 31 na nusu. Kwa hiyo bado nina safari, na nguo za watu za kushona.

Saa 7:10 mchana

Mama lishe wetu anapita na madeli yake. Vita vya siku viko hapa, wala haviko kule milimani Kimara.

"Wali nusu, maharage, samaki, mchicha weka mara mbili. Mafuta ya juu usinimwagie."

"Mmh. Bado uko kwa Janabi?"

Kibanda kizima kinacheka. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo ambaye sasa ni Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, amezungumzia sana namna tunavyokula, hadi mtu akiacha soda tu mjini hapa anaulizwa kama ameanza "mambo ya Janabi". Mama lishe ananionea huruma. Kwake sahani isiyo na mlima ni sahani ya msiba. Wali nusu anautoza bei ileile, elfu tatu, halafu ananiongezea kijiko akidhani simuoni.

Nimekuja kuelewa kwamba kutembea kunasaidia moyo, presha, usingizi, hasira, lakini kilo zinaamuliwa kwenye sahani. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi wanatembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi, na watafiti waliowapima walichapisha mwaka 2012 kwamba nishati wanayotumia kwa siku haitofautiani sana na ya Wamarekani, ukizingatia ukubwa wa mwili. Binti yangu aliponisomea hilo nilitaka kumrushia kandambili. Mimi na mlima wangu wote ule! Lakini ndiyo hali. Dakika 35 zangu zinafutwa na vitumbua vitatu kabla sijafika mlangoni.

Saa 9:30

Mteja anakuja kuchukua gauni, ameniletea soda ya baridi. Imetoka jasho, joto lenyewe mnalijua. Kukataa kitu cha mtu ni kumvunjia heshima, nami nimeshaharibu urafiki mmoja hivyo. Siku hizi napokea kwa mikono miwili, nashukuru, namfungulia binti yangu wa kazi. Yeye ana miaka 19 na mwili kama mwiko, soda yangu kwake ni sikukuu.

Mmachinga anapita na chai ya kukata tumbo. Hiyo niliinunua mwaka juzi, si kwake, kwa mwingine aliyenihakikishia nyama uzembe zote zitayeyuka. Wiki nzima niliishi chooni. Nikapungua kilo mbili, nikazipata zote nilipoanza kunywa maji vizuri. Ndani kulikuwa na sanamaki, dawa ileile ya kuharisha ambayo bibi yangu alitunywesha utotoni. Inamwaga maji na choo. Mafuta hayana habari nayo.

Saa 11:20

Nakusanya vipande, na jirani wa duka la vifungo ananiita pembeni. Nakumbuka mwezi wa nne aliniita hivihivi. Alinishika mkono, akaangalia huku na huku.

"Shoga, mimi ni mtu mzima mwenzio. Dawa siku hizi zipo, tena bure. Usijifiche."

Ilinichukua muda kumwelewa. Sisi tuliokuwa wasichana miaka ya tisini, kukonda tulikujua kwa maana moja tu: Ukimwi. Tumezika watu tuliowaona wakipukutika, na macho hayo hatujayavua hadi leo. Sikuweza kukasirika. Nilimwonesha cheti changu cha sukari, akasoma, akalia kidogo, akanipa vifungo dazeni bure.

Leo ameniita kuniuliza kama kwenye matembezi yetu ya alfajiri kuna nafasi. Anakaa Mbezi, mbali kidogo na sisi, ila nimempa hesabu ya madumu.

Saa 1:30 usiku

Kwenye basi nimesimama njia nzima, hiyo siihesabu kama mazoezi, ni adhabu. Jikoni, mafuta napima kwa kijiko cha chakula, si kwa kuinamisha dumu na kupiga bismillahi. Kijiko kimoja kina kama kalori 120. Dagaa wa nyanya, tembele, ugali wa dona. Wangu ni ukubwa wa ngumi. Wa mume wangu ni ukubwa wa ngumi za ukoo mzima, na kitambi chake anakiita heshima ya nyumba. "Watu wakikuona hivyo, watasema sikulishi," ananiambia, huku akichota tembele kwenye bakuli langu. Mwezi huu ameanza kuchota sana. Nanyamaza.

Mwezi wa nane nilipima tena: sukari 5.7, kilo 79. Leo niko 78. Presha imeshuka, lakini kidonge kimoja bado nameza kila siku, na daktari amesema nisijiachishe mwenyewe kwa furaha.

Saa 3:45 usiku

Wote wamelala. Nimetoa gauni langu la zambarau, la ndoa ya mpwa wangu Desemba. Nililishona 2016 na nimeliachia mara tatu. Ukiinua ubavu wake kwenye taa unaona mistari mitatu ya vitundu vya sindano, mmoja nje ya mwingine, vitambaa vya satini havisahau. Nafumua kwa wembe mshono wa mwisho, naurudisha kwenye mstari wa pili. Nalivaa. Zipu inapanda hadi juu bila kumwita mtu.

Sijalipeleka kwenye mashine. Nimelipiga bandi kwa mkono, uzi mweupe, mishono mirefu ya kuvuta na kutoka. Mashine nitapiga wiki ya harusi.