Siku moja kwenye meza ya vitabu vya upelelezi, Posta

Saa kumi na moja alfajiri naanza na kurasa za mwisho. Kitabu cha mapishi kikikosa ukurasa mmoja bado utapika. Riwaya ya upelelezi ikikosa ukurasa wa mwisho imekufa. Msomaji kavumilia kurasa mia mbili ili aambiwe nani aliua. Kwa hiyo kila kitabu kilichokuja na mzigo wa mitumba wa jana, unaonunuliwa kwa kilo, nakishika mgongo, nakitikisa taratibu, kisha nakifungulia nyuma.

Hadithi ikiisha, mara nyingi huacha nafasi tupu chini ya ukurasa. Nikikuta maandishi yamejaa hadi mstari wa mwisho na kinachofuata ni jalada, nashtuka na kuanza kuhesabu. Vitabu vya jalada laini huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, kila moja ikitoa kurasa 16 au 32, ndiyo maana jumla huwa 192, 224 au 256. Chako kikiishia 190, kuna jani limedondoka. Huenda lilikuwa la matangazo, huenda lilimbeba muuaji. Sentensi ya mwisho ndiyo itakayokuambia.

Joto la Dar hukausha gundi ya mgongo mpaka ikatike, na majani ya mwanzo na ya mwisho ndiyo hutangulia kuchomoka. Dawa yake ni gundi nyeupe ya mbao. Naipaka kwa brashi nyembamba ukingoni mwa jani, milimita mbili tu, nalirudisha mahali pake, naweka kipande cha nailoni kila upande lisigandane na jirani yake, kisha tofali juu mpaka kesho. Selotepu siigusi. Baada ya muda hugeuka njano, ikaacha ulimbo unaovuta hata majani yaliyokuwa mazima. Kitabu chenye harufu ya koga nakisimamisha wazi kivulini, penye upepo. Ukikianika juani jalada linajikunja na halinyooki tena.

Saa mbili meza iko tayari. Wapita njia wengi hudhani kazi ndiyo inaanza hapo.

Asubuhi hii ya masika alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitafutie chenye fumbo, ila sitaki damu. Mvua hizi nakaa ndani tu."

Ombi hili nalisikia sana, na lina majibu mazuri. Kwa Kiswahili naanza na Muhammed Said Abdulla. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilishinda shindano la uandishi la 1957/58, kikachapishwa 1960, na ndani yake Bwana Msa anafumbua mambo ya Unguja kwa kiko na kufikiri, bila bastola. Anayetaka historia pamoja na fumbo nampa vile vya Ellis Peters vya mtawa Cadfael, mtunza bustani ya mitishamba katika nyumba ya watawa ya Shrewsbury, Uingereza ya karne ya 12, wakati Stephen na Maud wanagombea ufalme. Viko riwaya 20, kuanzia 1977 hadi 1994, na hivi vifuate kwa mpangilio: cha kwanza kinaanzia 1137, miaka inasonga, watu wanaoa na kuzeeka. Vya Poirot, mpelelezi wa Agatha Christie, unaweza kurukaruka, isipokuwa *Curtain* cha 1975. Hicho ni cha mwisho na kibaki cha mwisho. Mama akachukua Cadfael wawili wa mwanzo.

Msomaji wa mwaka mzima hubadilika na majira. Januari ada za shule humaliza pesa, watu hubadilishana: unaleta kimoja, unaongeza kidogo, unachukua kingine. Ramadhani, mchana ule mrefu kabla ya futari, hadithi fupi ndizo hutoka. Desemba wanaosafiri kwenda mikoani hutaka riwaya nene za kihistoria. Lakini fumbo tulivu ni la masika.

Saa saba hivi akaja kaka wa wiki iliyopita, mkononi *What Mrs. McGillicuddy Saw!*, na jalada lina duara la kikombe cha chai ambalo halikuwepo.

"Umeniuzia kitabu ninacho. Nirudishie hela yangu."

Anacho kweli. Huko kwake kinaitwa *4.50 from Paddington*, cha Agatha Christie, 1957. Waingereza walikiita vile na Wamarekani wakakiita hivi, hadithi ya ndani ni ile ile. *They Do It with Mirrors* nacho Marekani ni *Murder with Mirrors*. Ndiyo maana kila chenye majina mawili naandika jina la pili kwa penseli ukurasa wa kwanza, kona ya juu kulia. Nikamwonyesha. Akasema penseli haionekani. Nikamwonyesha tena kwenye mwanga. Akasema muuzaji mwenye haki angemtamkia. Nikamwonyesha ukurasa wa haki za uchapishaji, ambako mara nyingi jina la asili huandikwa na ambako kila mnunuzi wa Christie angeangalia kwanza. Akasema hakusoma, amekifungua tu, na hapo hapo akaanza kuwatajia wateja wawili waliosimama pembeni ni nani aliyefanya mauaji kwenye treni. Mmoja alikuwa ameshashika nakala nyingine ya kitabu hicho. Akairudisha mezani, akaondoka. Kumtajia mtu muuaji ni kumnyang'anya kitu asichoweza kukipata mara ya pili, na hilo lilinichosha kuliko ubishi wote wa hela.

Mvua ikashuka tukiwa bado tunabishana. Turubai, kamba, maboksi ya chini kwanza kwa sababu maji hutangulia miguuni, yeye bado anadai. Mwishoni nikakipokea kama cha kubadilisha, akaongeza elfu moja, akachukua *Kasri ya Mwinyi Fuad* cha Adam Shafi, Zanzibar ya enzi za Mapinduzi. Chaguo zuri, nilimwambia hivyo kwa moyo.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Kitabu kilicholowa huwekewa tishu kila baada ya majani kumi na kubanwa kingali na unyevu kidogo, la sivyo kinakauka mawimbi. Vitano vililowa. Vinne vitauzika, cha tano kurasa zake zimegandana sura ya mwisho, nacho nimekitoa kwenye mauzo. Cadfael wa tatu nimemwekea mwalimu pembeni, ndani ya nailoni, jina la kitabu kwa penseli na namba 3.