Huyu Mwanamume Ni Nani?

Mwaka 2021 nilikuwa Mlingotini, Bagamoyo, kwa shangazi yangu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani. Wafadhili walitaka katiba ya kikundi kwa Kiingereza kabla ya kutoa fedha za vichanja vya kukaushia, ikapelekwa mjini kwa mtu wa kutafsiri. Iliporudi niliisoma barazani, bamvua limepita na akina mama wamepata nafasi ya kukaa. Kila penye "ataitisha mkutano" au "atatunza hati", Kiingereza kilisema "he", yaani yeye wa kiume. Mwenyekiti "he", mweka hazina "he", mwanachama "he". Na kikundi karibu chote ni wanawake!

"Huyu mwanamume anayeitisha mikutano yangu ni nani?" akauliza shangazi.

Mshauri wa kikundi, mwalimu mstaafu, akamtuliza: "he" inabeba wote, na Waingereza wenyewe walilitungia sheria mwaka 1850. Ni kweli. Nikamjibu kwa heshima kwamba mwaka 2007 serikali hiyohiyo ya Uingereza ilitangaza kuacha kuandika miswada yake namna hiyo. Tuweke "they", yaani "wao", isiyotaja mume wala mke.

Hapo akawaka. "Hiyo ni wingi! Nimewakata watoto alama kwa kosa hilo hadi nastaafu." Kisha akasema amesikia redioni kwamba neno hilo wanalidai watu wasiojiona wanaume wala wanawake, nasi tusijiingize.

"Watu hao wapo, Mwalimu," nikasema, "na wakiomba waitwe hivyo sioni tunachopungukiwa." Nikamweleza pia kwamba Waingereza wamelitumia kwa mtu mmoja tangu karne ya 14, zamani kabla ya ubishi huu, na kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza kuwa neno la mwaka 2019. Hakukubali. Hofu yake niliielewa: wafadhili wakiona kosa, aibu ingemwangukia yeye.

"Kiswahili chetu hakina ugomvi huu," akasema. "Yeye ni yeye."

Nakipenda Kiswahili kwa hilo. Ila nimewaona akina mama wakikaa nyuma kwenye mikutano ya kijiji, wanaume wakiwasemea, na lugha ni hiihii isiyobagua. Kwa hiyo sidai kwamba kiambishi kinampa mtu kiti. Lakini wanawake hawa walikuwa wamekwisha kukipata kiti chao, kwa kushinda majini wakifunga mbegu kwenye kamba, na karatasi ya Kiingereza ikawa inawanyang'anya. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Shangazi akakata shauri: "Rudieni cheo. Palipo na mwenyekiti, andikeni mwenyekiti tena." Tukafanya hivyo hadi jioni. Ilisomeka kwa uzito, lakini hakuna aliyetolewa.

Kifungu cha mirathi ndicho kilichotushinda. Mwanachama akifariki, hisa zake zinakwenda kwa mrithi aliyemwandikisha. Tukirudia majina yote mawili, hata sisi tulishindwa kujua nani kafa na nani karithi. Nikaandika "their", yaani "zake" ya hiyo "they". Akina mama wakanyoosha mikono kukubali.

Mwalimu akatia saini kurasa zote isipokuwa ule wa mirathi. Shangazi hakumlazimisha. Akazikunja karatasi, akaziweka kwenye bahasha, na kesho yake zikapelekwa hivyohivyo.