Jinsi nilivyoondoa mabosi watatu juu ya mfanyakazi mmoja

Idara niliyokabidhiwa ilikuwa ya ghala na usafirishaji, na sifa yake mbaya nilisimuliwa kabla sijaanza kazi. Niliambiwa wafanyakazi wake ni wavivu, wabishi, hawana uchungu na kazi. Sikubadilisha kitu kwanza. Nilishinda nao nikiangalia tu, na nilichokiona hakikuwa uvivu.

Mpakiaji anaanza kupakia gari kwa agizo la msimamizi wa zamu. Hajafika nusu, anakuja ofisa mauzo: acha hilo, pakia la mteja wangu, anasubiri. Anaacha, anahamia gari la pili. Mara simu inaingia kutoka uhasibu kwamba mteja huyo ana deni, mzigo wake usitoke. Jioni inafika magari yote mawili yako uani, na anayehojiwa ni mpakiaji. Ukiishi hivyo kila siku utajifunza kwamba usalama uko katika kwenda polepole, usubiri nani atakayesema mwisho. Huo ndio uliokuwa unaitwa uvivu.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hilo tunalijua tangu utotoni. Kwenye menejimenti kanuni hiyo inaitwa umoja wa amri, na aliyeieleza vizuri zaidi ni Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni ya migodi na chuma iliyokuwa inaelekea kufilisika, akaisimamisha tena, na mwaka 1916 akachapisha kanuni 14 za utawala alizozichota kwenye kazi yake mwenyewe. Mfanyakazi, anasema, apokee maagizo kutoka kwa mkuu mmoja tu. Kanuni hii ikivunjwa, mamlaka hudhoofika na nidhamu huingia hatarini. Mmarekani Frederick Taylor aliona tofauti. Yeye alipendekeza mfanyakazi wa kiwandani awe chini ya wasimamizi wanane, kila mmoja na utaalamu wake: wa kasi, wa ukaguzi, wa matengenezo na kadhalika. Fayol alimheshimu Taylor kwa mengi lakini hapo alimpinga, na mimi niko upande wa Fayol. Utaalamu ni kitu kimoja na amri ni kitu kingine. Mhasibu anajua nani ana deni, na taarifa hiyo ni lazima itufikie. Lakini kujua deni hakumpi haki ya kumsimamisha mpakiaji.

Nilianza kwa mkuu wa mauzo, mtu mzima anayeheshimika na aliyenitangulia miaka mingi katika kampuni. Sikutaka suala hili alisikie kwenye kikao mbele ya watu.

"Mzee," nilimwambia, "wateja ni wako, na sitaki kukupangia nani atangulie. Ninachoomba ni kwamba mpangilio wako umfikie msimamizi wa zamu, usiende moja kwa moja kwa wapakiaji."

"Na mteja akinipigia mchana analalamika, nimwambie asubiri mpaka kesho?"

"Hapana, mpigie msimamizi wa zamu. Ana mamlaka ya kubadilisha orodha hapo hapo, bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza wewe?"

Swali hilo lilinionyesha tatizo lilipokuwa limejificha. Mauzo walikuwa wanakwenda kwa wapakiaji kwa sababu msimamizi wa zamu hakuwa na uwezo wa kuamua lolote. Kila ombi alilipandisha juu, likakaa, likashuka limechelewa. Kwa mtu mwenye mteja mkali kwenye simu, kumruka msimamizi ilikuwa njia pekee ya kupata gari. Ningetoa tu tangazo la kuwakataza mauzo wasiingie ghalani, lingeheshimiwa kwa siku chache kisha mambo yangerudi kule kule. Umoja wa amri haushiki kama huyo mwenye amri hana nguvu ya kuamua. Fayol mwenyewe aliweka mamlaka na wajibu pamoja kwa sababu hiyo: anayebebeshwa matokeo apewe na uwezo wa kuyafikia.

Basi nikaandika karatasi moja ya mipaka. Msimamizi wa zamu anaweza kubadilisha mpangilio wa magari ya siku, kuruhusu muda wa ziada mpaka kiwango kilichotajwa, kukataa mzigo ulioharibika na kuzuia gari lisilo salama. Yanayozidi hapo yanakuja kwangu. Mkurugenzi alisita. Alikuwa amezoea kutia saini karibu kila kitu, na aliniuliza nani atawajibika msimamizi akikosea. Nilimjibu kwamba ni mimi. Kukasimu madaraka hakumwondolei mkubwa uwajibikaji. Kazi unaweza kuigawa, lakini jibu la mwisho linabaki kwako. Akakubali tujaribu.

Lakini karatasi haimpi mtu mamlaka mpaka siku itakapogombaniwa. Siku hiyo ilifika mapema. Msimamizi mmoja wa zamu, binti mwenye umri mdogo kuliko wengi aliowasimamia, alizuia gari lililokuwa limeshapakiwa kwa ajili ya mteja mkubwa, kwa sababu dereva alilalamikia breki. Mauzo walichachamaa. Simu zikaanza kuja kwangu, na kila mmoja alitaka niseme neno moja tu: litoke. Nilishuka uani. Sikumuuliza kwa nini amelizuia. Nilimuuliza anahitaji nini. Akasema anahitaji fundi na gari mbadala. Tukatafuta gari mbadala, mzigo ukahamishwa, ukachelewa, na mteja nilimpigia mwenyewe kumweleza. Kama ningelitoa lile gari, ile karatasi ingekuwa imekufa siku hiyo hiyo, na kila mtu ghalani angejua kwamba mkuu halisi ni mwenye sauti kubwa zaidi.

Mary Parker Follett, mwanazuoni Mmarekani aliyeandika kuhusu uongozi katika miaka ya 1920, ana wazo ninalolipenda sana. Anasema amri nzuri haitoki kwa mtu kumwendea mtu. Inatoka kwenye hali yenyewe, na wote wawili, mkubwa na mdogo, wanaitii hali hiyo. Breki mbovu ndiyo iliyozuia gari. Binti yule aliisoma tu hali na kuitangaza. Nilipomweleza mkuu wa mauzo kwa namna hiyo alipoa, maana hakuwa ameshindwa na msichana wala na mimi. Naamini heshima za watu nyingi zinazovunjika kazini zingeokolewa kama tungezungumzia hali badala ya nani kamshinda nani.

Bado lilikuwepo suala la mawasiliano. Ukishikilia ngazi ya mamlaka bila kulegeza, karani wa mauzo mwenye swali dogo kwa karani wa ghala atapaswa kupanda mpaka kwa bosi wake, bosi aje kwangu, mimi nishuke kwa msimamizi, msimamizi amfikie karani. Fayol aliliona hili na akatoa dawa: daraja la kuvukia pembeni. Watu wawili wa ngazi moja katika idara mbili wazungumze moja kwa moja, mradi wakuu wao wameruhusu na wanajulishwa kilichokubaliwa. Watu humsema Fayol kama mpenzi wa urasimu, wakati kanuni hii ni ya mtu aliyechoshwa na mafaili yanayozunguka. Tuliweka daraja hilo kati ya karani wa mauzo, karani wa ghala na mtu mmoja wa uhasibu. Orodha ya wenye madeni sasa inafika asubuhi kabla gari la kwanza halijapangwa, na simu za kusimamisha mzigo uliokwisha kupakiwa zimepungua sana.

Kuhusu idadi ya watu waliokuwa wananiripotia moja kwa moja nitasema kwa ufupi. Mshauri wa menejimenti V. A. Graicunas alionyesha mwaka 1933 kwamba ukiongeza mtu mmoja chini ya mkuu, mahusiano anayopaswa kuyaangalia, yake na wao na ya wao kwa wao, hayaongezeki kwa moja. Kwa hesabu yake, walio chini wakiwa 4 mahusiano ni 44, wakiwa 5 ni 100, wakiwa 6 ni 222. Maishani si yote yanayohitaji kuangaliwa kila siku, lakini mwelekeo wa hesabu hiyo nimeuona kwa macho yangu. Niliwaachia wasimamizi wa zamu watu wao, nikabaki na wasimamizi.

Jambo lililonigusa kuliko yote lilihusu haki. Dereva mmoja alikuwa anachelewa mara kwa mara, na sheria ya kampuni ilikuwa wazi: onyo. Msimamizi wake alipokaa naye pembeni alijua kwamba asubuhi anamhudumia mzazi mgonjwa kabla hajatoka nyumbani. Akamhamishia zamu ya mchana, kwa makubaliano na mwenzake, na hakuchelewa tena. Wapo walioona ni upendeleo. Nilimtetea msimamizi, kwa sababu kile Fayol alichokiita usawa ni haki iliyochanganywa na wema, na wema haukuifuta sheria: angeendelea kuchelewa zamu ya mchana, onyo lingemfuata. Niliwaambia pia waliolalamika kwamba mlango huo uko wazi kwa yeyote mwenye shida ya kweli. Walijitokeza wengine, na tuliwasikiliza mmoja mmoja.

Sasa kampuni imeanza miradi inayochota watu kutoka idara mbalimbali, na baadhi ya vijana wangu wana mkuu wa idara na mkuu wa mradi kwa wakati mmoja. Sipingi miradi, kazi nyingine haziwezi kufanyika ndani ya idara moja. Nilichokiomba kwa maandishi, kabla kijana yeyote hajahamishwa, ni majibu ya mambo matatu: nani anamruhusu likizo, nani anamtathmini mwisho wa mwaka, na kazi za pande mbili zikigongana, nani anaamua ipi itangulie. Mawili ya kwanza yamejibiwa. La tatu tunaendelea kulijadili na mkurugenzi, na mpaka lipate jibu nimewaambia vijana walete mgongano wowote kwangu na kwa mkuu wa mradi, tuumalize sisi wawili.