Redio Iliyokuja na Gari Nimeiacha Palepale: Nilivyoboresha Sauti ya Fielder Yangu

Mama yangu ana kawaida ya kusikiliza taarifa ya habari kila tunapotoka kanisani siku ya Jumapili, na kwa miezi kadhaa, mara tulipoingia Barabara ya Thika na gari likakaza mwendo, aliniuliza swali lilelile: "Mwanangu, huyu mtangazaji anasemaje?" Niliongeza sauti, lakini kadiri nilivyoiongeza ndivyo maneno yalivyozidi kumezwa na mngurumo wa spika na kelele za magurudumu. Sauti ilikuwa kubwa, ila haikueleweka. Ndiyo maana nilipoamua kushughulikia jambo hili sikuwa natafuta mdundo wa matatu. Nilitaka maneno yasikike, na gitaa la muziki wa benga lisikike kama gitaa.

Gari langu ni Toyota Corolla Fielder ya mwaka 2015, lililoletwa kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa kama yalivyoletwa magari mengi tunayoyaona Nairobi. Nilipoanza kuulizia, kuanzia Ngara hadi Barabara ya Kirinyaga, kila fundi alikuwa na dawa moja. "Bosi, tutoe hii, nikuwekee ya Android ya inchi 9," aliniambia mmoja wao hata kabla sijamweleza gari linaumwa wapi. Ushauri huo si wa bure: redio za Japani huja na maandishi ya Kijapani, ramani za miji ya Japani ambazo hazimsaidii mtu anayekwenda Kitengela, na masafa ya FM yasiyolingana na yetu. Hata hivyo, nilikaa na wazo hilo wiki mbili, nikasoma na kupiga hesabu, na mwishowe nikalikataa.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inafaa kila mwenye gari aijue kabla ya kutoa fedha zake. Kwenye kibandiko cha redio nyingi za magari pameandikwa wati 50 mara 4, lakini namba hiyo ni ya kilele cha mara moja, si ya kazi ya kila siku. Injini ikiwaka, altaneta, yaani jenereta ya gari, huupa mfumo wa gari takriban volti 14.4, na kwa umeme huo redio isiyo na kifaa cha kupandisha volti haiwezi kuisukumia spika yenye ukinzani wa omu 4 zaidi ya wati 26 hivi hata kama hakuna kinachopotea njiani; wati safi, zisizokwaruza, huwa kati ya 15 na 20. Redio mpya ya skrini kubwa hunywa kutoka betri ileile, na mara nyingi amplifaya iliyomo ndani yake, sehemu inayoupa umeme wa sauti nguvu ya kusukuma spika, ni ya aina ileile. Ningelipia skrini, kisha Mama angeendelea kuuliza mtangazaji anasemaje.

Zipo pia sababu za umbo na za usalama. Redio za Toyota za soko la Japani zina upana wa milimita 200, ilhali kipimo cha kawaida ni takriban milimita 178, kwa hiyo ukiweka redio ya kawaida hubaki mianya miwili inayozibwa kwa vipande vya plastiki ambavyo baada ya muda huanza kugongana. Kamera ya nyuma imeunganishwa na redio hii, na vitufe vya usukani vinaiamrisha. Isitoshe, katika jiji hili mtu anayechungulia dirishani wakati wa msongamano hatamani redio ya kawaida yenye maandishi ya Kijapani kama anavyotamani skrini inayong'aa kama televisheni.

Kabla sijafika kwenye spika, ilinibidi nishughulikie kero ya FM, na hapa ningewaomba wasomaji wenye magari ya Japani wasinipite haraka. Redio hizi zilitengenezwa kushika megahezi 76 hadi 90, na baadhi ya zile za karibuni hufika 95, lakini vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo sababu mafundi huchomeka kijisanduku kiitwacho ekspanda kwenye waya wa antena, nacho huyashusha masafa kwa kiasi maalumu. Yangu hushusha megahezi 14. Radio Taifa, iliyo katika 92.9 hapa Nairobi, huonekana kwenye skrini kama 78.9, na Radio Maisha ya 102.7 husomeka 88.7. Radio Citizen ya 106.7 ingepaswa kusomeka 92.7, na redio yangu huishia 90, kwa hiyo haipatikani kabisa. Nikiihitaji naifungua kwenye simu. Si kosa la kifaa. Dirisha la redio lina upana wa megahezi 14 tu, nalo haliwezi kuonyesha uwanja wa megahezi 20 na nusu kwa mara moja.

Nilipoitoa redio nikakuta ekspanda hiyo imening'inizwa nyuma ya dashibodi kwa utepe uliokwisha gundi, waya wake wa ardhi, yaani wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, ukiwa umesokotwa tu kwenye bati lenye rangi. Niliufunga upya kwa skrubu kwenye chuma kitupu, na sehemu kubwa ya mchakarisho uliokuwa ukifunika taarifa ya habari ikaondoka siku hiyohiyo, bila kununua chochote.

Tahadhari moja kwa wenye Toyota: baadhi ya redio hizi, betri ikifunguliwa, hujifunga na kudai kadi ya ramani iliyokuja nayo au namba ya siri kabla ya kukubali kuwaka tena. Hakikisha kadi ipo mahali pake, na kama umeambiwa namba iandike, kabla ya kugusa kichwa cha betri. Nimeona watu wakilazimika kununua redio nyingine kwa sababu ya jambo hili peke yake.

Kazi iliyobadilisha sauti zaidi ya zote ilikuwa ya milango, ingawa ndiyo ambayo mafundi wengi hawaipendi kwa kuwa inachukua muda na haionekani. Spika ya kiwandani ni koni nyepesi ya karatasi yenye sumaku ndogo, iliyoshikiliwa kwa riveti kwenye mlango wenye matundu makubwa yaliyofunikwa kwa karatasi ya plastiki. Spika ikisukuma hewa mbele, upande wake wa nyuma husukuma hewa kinyume, na hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu, sauti nzito hufutana. Bati la nje nalo hutetemeka na kuongeza kelele yake. Hata spika ya bei ghali ikifungwa kwenye mlango wa namna hiyo itasikika kama debe.

Nilichukua Jumamosi nzima na mlango wa kushoto, na Jumamosi iliyofuata nikaufanya wa kulia. Nilitoboa riveti kwa drili taratibu, nikasafisha bati kwa spiriti, nikalibandika vipande vya mpira wa butili wenye alumini mgongoni, nikivikandamiza kwa kirola hadi hewa yote ikatoka chini yake. Si lazima kulifunika bati lote. Robo au theluthi yake, katikati ya uwanja mpana, hutosha kuua mtetemo wake. Matundu ya bati la ndani niliyaziba kabisa, ila yale madogo yaliyo chini ya mlango sikuyagusa, kwa sababu maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo hutokea hapo, na mlango usio na pa kutolea maji huoza. Kisha nikakata pete mbili za mbao za kukalia spika mpya za inchi 6 na nusu, nikazipaka vanishi ili zisinyonye maji, na kabla ya kukaza skrubu nikateremsha kioo hadi mwisho ili nione kama kitagonga sumaku. Kilibakiza nafasi ya kidole kimoja.

Spika hizo ni za mafungu: ya sauti nzito na ya kati hukaa mlangoni, na twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, nikaipandisha kwenye kona karibu na kioo cha pembeni, kwani sauti nyembamba hutembea kwa mstari na ikitokea karibu na kifundo cha mguu huishia kwenye suruali. Kupandisha twita hizo ndiko kulikomrudishia mtangazaji herufi zake za s na f.

Amplifaya ya pembeni ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba lazima redio ibadilishwe, kwa kuwa redio ya kiwandani haina matundu ya nyuma ya kuchomeka nyaya za mawimbi, zile zinazobeba sauti kabla haijakuzwa. Ukweli ni kwamba zipo amplifaya nyingi zinazopokea umeme wa spika moja kwa moja na kuupunguza zenyewe, na kwa zile zisizoweza kuna kijisanduku cha kubadilisha kinachouzwa kwa bei ndogo. Nilinunua ya njia 4, yaani yenye matokeo manne ya spika, yenye uwezo huo. Sikukata waya hata mmoja wa gari: Toyota hutumia plagi ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, na ya pini 6 kwa spika za nyuma, na madukani kuna plagi za kati zinazoingia baina ya redio na nyaya za gari. Siku nikiliuza gari, nachomoa tu. Angalizo ambalo halipaswi kusahaulika ni kwamba waya hasi wa spika katika redio hizi si ardhi. Nyaya zote mbili hubeba karibu volti 6, na ukiufunga ule hasi kwenye bodi ya gari unaweza kuiunguza redio. Volti hizo ndizo zinazoiamsha amplifaya yangu, kwa hiyo sikuhitaji waya mwingine wa kuiwasha.

Waya mkubwa wa umeme niliutafuta Barabara ya Luthuli, na nilijifunza kubeba kisu. Katika duka moja niliambiwa kwamba waya ni wa shaba safi, lakini nilipokwangua uzi mmoja ndani ukawa mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme pungufu kwa unene uleule na hupata joto zaidi. Niliuacha, nikatembea maduka mawili mbele, nikapata wa shaba kweli kwa bei iliyonizidia kidogo nami nikalipa bila kinyongo. Fyuzi yake iko ndani ya sentimita 45 kutoka betrini, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ukichubuka unapopita kwenye ukuta wa injini, wala si kuilinda amplifaya.

Sehemu hiyo ya waya mkubwa nilimwachia fundi, na gari liliporudi lilikuwa likipiga mluzi. Nikikanyaga mafuta mluzi unapanda, nikiachia unashuka. Mafundi wengine wangeniuzia kichujio hapo, lakini mluzi unaofuata mzunguko wa injini karibu daima ni wa altaneta kuingilia kupitia ardhi mbaya au waya wa umeme uliolala na nyaya za mawimbi. Nilianza na ardhi. Chini ya kiti cha abiria, ulipokazwa waya wa ardhi, bolti ilikuwa imekaa juu ya rangi ya kiwandani. Nilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza upya, nikapaka grisi juu yake kuzuia kutu. Mluzi ukanyamaza papo hapo. Nyaya za mawimbi nilizihamishia upande wa kulia hata hivyo, waya wa umeme ukabaki kushoto.

Kuiweka amplifaya sawa kulinichukua jioni moja. Nilichomoa spika, nikapiga mlio wa hezi 1,000 kutoka kidude cha USB, redio ikiwa kwenye 45 kati ya 63, kisha nikapima volti za mkondo geu kwenye matundu ya amplifaya. Kwa wati 50 za kila njia ya amplifaya na omu 4 za spika unazidisha namba hizo, unapata 200, na kipeuo chake cha pili ni 14.1, nikageuza kitufe cha geini, kinachoilinganisha amplifaya na redio, hadi mita ikasoma 14.1, nikaacha hapo. Kitufe hicho si cha kuongeza sauti, ingawa hutumiwa hivyo na spika nyingi za jijini huungulia hapo. Spika za milango nimezikatia sauti zilizo chini ya hezi 80, na njia mbili zilizobaki nimeziunganisha kusukuma sabwufa, spika ya sauti nzito pekee, ya inchi 8 ndani ya kasha lililozibwa, nyuma, nikiishusha hadi isijulikane iko wapi. Kwa kuwa dereva wetu hukaa kulia, nimesogeza mizani ya sauti hatua mbili kushoto, na mwimbaji sasa husikika katikati ya dashibodi badala ya gotini pangu.

Jumapili iliyopita tulipofika Roysambu, taarifa ya habari ikiendelea, Mama aliniomba nipunguze sauti ili tuzungumze juu ya bei ya unga iliyokuwa imetajwa.

Spika za milango ya nyuma bado ni zile za kiwandani, zikiendeshwa na redio yenyewe, nami nimezishusha sana kwa sababu anayekaa nyuma mara nyingi ni mizigo. Mvua za Machi zikianza nitaufungua mlango wa kushoto tena, niangalie kama pete ya mbao imebaki kavu na kama maji yanatoka kwenye matundu ya chini kama nilivyokusudia.