Kifuniko cha shavu la trauti si mambo ya sura

Wadau wa samaki habari zenu. Kuna kitu kinaniuma na naona sisi wafugaji wa trauti (samaki wa maji baridi) huku upande wa Mlima Kenya hatukiongelei kabisa, ni hivi vifuniko vya mashavu, yaani matamvua anayopumulia samaki. Unamtoa samaki kwa wavu, unamlaza kwenye kiganja kilicholowa, kile kifuniko kigumu cha pembeni mwa kichwa kilitakiwa kifike hadi nyuma na kilale vizuri, sasa unakuta kimeishia nusu ama ukingo umejikunja, na zile nyuzi nyekundu za mashavu ziko nje zinaonekana bila hata kumfungua. Ukimwonyesha mwenye shamba anakwambia aah hiyo ni sura tu, nyama ni ileile, na kichwa si kinakatwa.

Jamani si sura, ni pumzi. Samaki anapumua kwa pampu: mdomo unavuta maji vifuniko vikiwa vimefungwa, halafu mdomo unafunga na vifuniko vinafunguka kuyatoa, hivyo maji yanapita kwenye mashavu bila kukatika. Kifuniko kifupi hakifungi sawasawa, pampu inavuja, na samaki anafanya kazi zaidi kupata oksijeni ileile. Na huku juu mita 2,000 maji ya joto la nyuzi 10 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 tu kwa lita, wakati usawa wa bahari maji ya baridi hiyohiyo yangebeba 11 na kitu. Kwa hiyo siku mto umepungua, ama umewashindilia kwenye pipa la kusafirisha, ama wametoka tu kula wakashiba, huyo mwenye kilema ndiye anayeumia kwanza. Bado mashavu yaliyo wazi yanachubuka na bakteria wanapata pa kuingilia.

Sababu ni nyingi na mara nyingi zinakuja pamoja, lakini mimi naangalia chakula kwanza. Trauti na salmoni ni kama sisi binadamu, miili yao haitengenezi vitamini C, lazima waile, na ikikosekana gegedu na mifupa inakua ovyo. Sasa vitamini hiyo inaharibika kwa joto, unyevu na kukaa sana, alafu mtu anafurahia peleti (vidonge vya chakula cha samaki) za bei ya chini zilizolala miezi kwenye stoo ya mabati na anawapa vifaranga, ambao ndio mifupa yao inajengeka wakati huohuo! Fosforasi ikipungua nayo ni shida. Kisha kuna mayai, wenye salmoni kule Norway wanajaribu joto la maji yake lisipite nyuzi 8 maana joto likizidi vilema vinaongezeka, na msongamano nao, wanang'atana. Wale wa triploidi, ambao mayai yao yanapigwa presha ili samaki wawe tasa, kwao vilema vimeonekana zaidi.

Norway sheria yao ya ustawi wa wanyama ya 2009 inamhesabu samaki humohumo na ng'ombe na kuku, na kifuniko cha shavu wanakipa alama, 0 ni mzima hadi 3 ambayo ni mbaya sana. Hiyo haihitaji mashine wala maabara, ni macho na daftari, hata sisi tunaweza.

Ninachoomba ni tuangalie mapema wakiwa bado vifaranga, na pande ZOTE mbili, kwa sababu wengi wana kilema upande mmoja na ukitazama upande mmoja tu unampitisha. Andika wangapi kati ya wangapi, na tarehe ya kutengenezwa peleti walizokula. Aliyezidiwa usimtupe kwenye beseni kavu afe akihema, hapana, muue haraka. Na ukienda kununua vifaranga mwambie muuzaji akuchotee kwa wavu mbele yako uwageuze mmoja mmoja, akikataa rudi nyumbani na hela zako.