Dropu si mkwaju wa kukata tamaa

Kwenye raga, wengi huichukulia dropu (kuudondosha mpira na kuupiga unapoinuka, upite kati ya milingoti ya goli juu ya mtambaa panya, kwa pointi 3) kama kitu cha dakika ya mwisho, timu ikishakosa pa kupita. Anza na hesabu kwanza. Trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la mpinzani) pamoja na mkwaju wake wa nyongeza ni pointi 7. Ukiwa mbele kwa 5 ukafunga dropu, unaongoza kwa 8, na mpinzani hakufikii tena kwa shambulio moja. Ukiwa nyuma kwa 4 na dakika zimebaki mbili, achana nayo, tafuta trai.

Nafasi tamu kuliko zote ni pale mpinzani amekosea, refa ameshanyoosha mkono kukupa mkwaju wa adhabu, lakini mchezo unaendelea. Piga! Ukikosa, anakurudishia adhabu yako.

Inafaa pia mkiwa pungufu. Marseille, Ufaransa, mwaka 2023, Uingereza walibaki 14 kati ya 15 tangu mapema kabisa, mpigaji wao George Ford akapiga dropu tatu kipindi cha kwanza, wakaifunga Argentina 27-10. Pointi zote 27 zilikuwa zake.

Mafowadi (wale wazito wa mbele) wabebe mpira mpaka raki, lile rundo la wachezaji wanaougombea mpira ulio chini, iwe mbele ya goli. Namba 10, ndiye mpigaji, akae nyuma mita 10 hivi. Akisogea mpaka 6, fowadi wa mpinzani anayechomoka pembeni ya raki atauziba mkwaju. Namba 9, anayeutoa mpira kwenye raki, ampe mpira usawa wa kiuno. Pasi ya magotini inamlia muda wote aliokuwa nao.

Mpira ushikwe kwa mikono miwili, ncha moja chini, ile ya juu ikiinamia kwa mpigaji kidogo. Uachie, usiurushe. Mguu uukute pale pale unapoinuka kutoka ardhini. Kwenye viwanja vyetu vya Mwanza, vikikauka, kokoto moja tu inaupeleka pembeni. Mvua ikinyesha hauinuki, unapiga tope. Dawa ni moja: udondoshe kutoka chini zaidi. Jioni upepo wa ziwani nao husukuma mpira ukiwa bado kati ya mkono wako na ardhi.

Wanaofanyia mazoezi goli la soka wanajidanganya. Mtambaa panya wake uko mita 2.44, wa raga 3; upana ni 7.32 kwa 5.6. Simika mianzi miwili mirefu kwa vipimo vya raga, ufunge kamba.

Ukishafunga, kwenye raga ya watu 15 anayeanzisha ni mpinzani, na mpira unakuja kwako. Wangapi wamefunga dropu, wakauangusha mpira huo, wakala trai hapo hapo?